Waliobaki Nje ya Geti la Mathari

Dodoso la PHQ-9, linalotumiwa katika nchi nyingi kupima sonona, lina maswali 9 tu. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na kwa kawaida anayefikisha 10 huhitaji kuchunguzwa zaidi. Tuseme mhudumu wa afya ya jamii analipeleka kwenye ploti ya mabati katika mtaa wa Viwandani, Nairobi. Anauliza kuhusu usingizi. Mama anayeishi hapo anamwambia kwamba usiku mvua ilinyesha, wakahamisha kitanda mara mbili kukwepa matone. Uchovu? Saa kumi na moja alfajiri alikuwa kwenye geti la kiwanda akingoja kibarua, na hakuchaguliwa. Chakula je?

“Hamu ninayo, daktari. Unga ndio sina.”

Alama zinapanda. Je, huyu ni mgonjwa, au ni mtu mwenye akili timamu anayeishi mahali pagumu? Wanaochunguza afya ya akili ya jamii nzima hawawezi kulikwepa swali hilo. Hapa Nairobi liliwahi kujibiwa vibaya mno.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia waliohesabiwa kuwa wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alidai sonona ni nadra kwa Waafrika, kisha akatafuta sababu katika ubongo na malezi yao. Daktari wa magonjwa ya akili Frantz Fanon alimjibu kwa ukali mwaka 1961. Lakini hata bila Fanon, kasoro iko wazi: ni nani waliofika Mathari siku hizo? Zaidi ni waliovuruga amani hadi wakakamatwa. Mama aliyelia kimyakimya Pumwani, au kibarua wa reli Makongeni aliyeacha kula na kuongea, hakuna aliyemkamata. Aliyehesabu vitanda alipata jibu la vitanda.

Na jiji lenyewe lilikuwa limegawanywa kwa rangi. Wazungu walijengewa magharibi, kwenye miinuko na miti. Waafrika wakawekwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, karibu na reli na viwanda. Sheria za ubaguzi zimeondoka, ramani imebaki. Jaa la taka la Dandora, huko huko mashariki, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanamwaga.

Njia ya kusahihisha kosa la Carothers ni kuhesabu kuanzia milangoni mwa watu. Mwaka 2002 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, walianza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Mitaa hiyo yote miwili huitwa ya mabanda, lakini haifanani. Viwandani huvuta vijana wanaotafuta kazi, nao huhama upesi. Korogocho kuna familia zilizokaa miaka na mikaka. Kwa hiyo neno “maskini” halimtoshi mtafiti. Lazima aulize kama kipato kinatabirika, kama choo kinafikika usiku bila hofu, na kama kuna mtu wa kumwambia yaliyo moyoni.

Hilo la mwisho si dogo. Mwaka 1978, George Brown na Tirril Harris walieleza walichokiona kwa wanawake wa Camberwell, London. Wanawake wa tabaka la wafanyakazi walipata sonona zaidi, hasa wenye watoto wadogo watatu au zaidi, wasio na kazi, na wasio na mtu wa karibu wa kumfungulia moyo. Wakazi wa mtaa wa Kayole, hapa Nairobi, hawahitaji kwenda London kulielewa jambo hilo. Mwanamke anayeshindwa kutoa mchango wa chama cha akiba hukosa pesa za mzunguko, kisha huona haya na kuacha kwenda. Amepoteza akiba, na pamoja nayo watu ambao angewaambia, “Nina mawazo.” Umaskini umemletea ugonjwa, ugonjwa nao utamzuia kudamka kutafuta kibarua. Mambo haya mawili huzunguka kama gurudumu.

Kwenye PHQ-9 kuna pia swali la 9, linalohusu fikra za kujiua. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakiuka Katiba. Nani angemjibu mgeni mwenye kalamu kwa ukweli, huku akiogopa polisi? Sifuri nyingi kwenye swali hilo zisomwe kwa tahadhari.

Msaada upo, na si lazima usubiri daktari bingwa. Huko Dagoretti, pia Nairobi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa jamii wasio na ujuzi wa awali wa tiba ya akili walifundishwa kuendesha vikao 5 vya ushauri. Kati ya wanawake 421 walioshiriki, wote wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, waliopata vikao hivyo walipungukiwa na dhiki kuliko wale wa huduma ya kawaida. Vikao havikulipa kodi ya nyumba. Vilimpa mtu nguvu ya kuamka.

Turudi kwa mama wa Viwandani. Mtafiti makini hafuti alama zake kwa kuwa zina sababu. Huongeza safu nyingine kwenye fomu: milo mingapi jana, siku ngapi za kazi wiki hii, paa linavuja au halivuji. Asomaye safu ya kwanza peke yake atampa vidonge mwenye njaa. Asomaye ya pili peke yake atamletea unga, kisha ashangae mbona hapiki.