Mwanamke wa Majini na Mwenye Lori

Hapa Mtinko bahari ni ya kusimuliwa tu. Hata hivyo, ukikaa gengeni jioni utasikia kwamba fulani hakununua lori kwa alizeti. Ana kitu chake cha majini. Maneno hayo yana ndugu zake mbali.

Wenzetu wa Lubumbashi, Kongo, ambao nao husema Kiswahili, humwita Mamba Muntu. Miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani walimchora kwa wingi, na wafanyakazi wa mjini wakamtundika sebuleni: nusu mtu, nusu samaki, nywele ndefu, kitana, kioo na nyoka. Kisa chenyewe ni kwamba mwanamume anamkuta mtoni akichana nywele. Anazama, anaacha unywele. Usiku anamjia ndotoni kuudai, na malipo ni utajiri. Sharti lake ni siri. Ikitoka, mali huyeyuka.

Pepo huyo ni wa kale, ila sura yake ilisafiri. Miaka ya 1880 Hamburg, Ujerumani, ilichapishwa picha ya mwanamke mcheza na nyoka. Ikafika Afrika Magharibi, watu wakamtambua humo Mami Wata wao. Mwaka 1955 Bombay, India, zikachapwa nakala 12,000 kwa soko hilo. Na kabla ya picha hiyo, waliouzwa utumwani walikuwa wamevuka na pepo wao wa maji. Suriname yupo Watra Mama, Haiti Lasirèn. Salvador, Brazil, kila Februari 2 wavuvi humpelekea Iemanjá baharini vitana, vioo na manukato.

Kwa nini Lubumbashi, na kwa nini wakati ule? Mwaka 1973 Mobutu alinyang'anya wageni biashara akawagawia watu wake. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuporomoka. Mshahara ukapungua thamani huku wachache wakitajirika kwa usiku mmoja. Nionavyo, kumwuliza mkubwa fedha kazitoa wapi kulikuwa hatari. Kutundika nguva ukutani hakukumfunga mtu.

Kwetu mambo yamegeuka. Anayenyooshewa kidole si mkubwa, ni jirani, na watoto wake wanatengwa kisimani.

Nilimwendea mwenye lori. Alinitolea daftari la mkopo, limechakaa kona zote. Amebakiza marejesho ya miezi tisa.