Kuisahihisha Programu Kabla Haijaendeshwa

Mwanafunzi akijumlisha mita na sekunde, mwalimu wa fizikia hana haja ya kukokotoa hesabu yote ndipo agundue kosa. Hulitambua kwa kutazama vipimo tu. Wataalamu wa kompyuta nao wanayo njia ya namna hiyo, iitwayo uchambuzi tuli: programu husomwa na programu nyingine, bila kuendeshwa, ili makosa yake yafichuke. Makala haya yataeleza jinsi njia hiyo inavyosaidia kukilinda kiini cha mfumo endeshi.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayotawala kumbukumbu, diski na vifaa vingine vya kompyuta. Programu za kawaida zimewekewa mipaka; kila moja huruhusiwa kugusa sehemu yake tu ya kumbukumbu. Kiini hakina mpaka huo. Programu itakapo kusoma faili hukiomba kiini, na katika ombi lake hutaja anwani, yaani mahali katika kumbukumbu ambapo yaliyosomwa yatawekwa.

Hapo ndipo penye hatari. Anwani ni nambari tu, wala nambari haisemi ni mali ya nani. Mtu mwenye nia mbaya aweza kutaja anwani iliyomo katika kumbukumbu ya kiini chenyewe. Kiini kikiandika hapo bila kuhakikisha, mtu huyo aweza kuiangusha kompyuta, au hata kujitwalia mamlaka yote. Kwa sababu hiyo kiini cha Linux, ambacho hutumika pia katika simu za Android, kina amri maalumu za kunakili data kati yake na mtumiaji. Amri hizo hupima kwanza kama anwani imo katika eneo la mtumiaji.

Je, mwandishi akisahau kuzitumia? Majaribio ya kawaida huenda yasionyeshe lolote, maana programu njema hutoa anwani njema, na kazi huendelea vizuri mpaka siku atakapotokea mdanganyifu.

Mwaka 2003 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika programu ya uchambuzi iitwayo Sparse. Waandishi wa kiini hutia alama kwenye anwani zitokazo kwa mtumiaji, kama mwanafunzi aandikavyo kipimo kando ya nambari. Sparse ikikuta anwani yenye alama inatumiwa moja kwa moja, au inachanganywa na anwani za kiini, hutoa onyo. Mwaka 2004 Rob Johnson na David Wagner, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, walieleza jinsi walivyotumia chombo kiitwacho CQUAL. Chombo hicho huhitaji alama chache. Nyingine hujitambulia chenyewe kwa kufuata njia inayopitiwa na kila anwani. Waligundua katika Linux makosa 17 ambayo mvamizi angeweza kuyatumia. Baadhi yake yalikuwa yamewapita watu waliokwisha kuikagua programu hiyo kwa makini.

Hata hivyo, chombo hujibu swali lilioulizwa tu. Mwaka 2017, katika toleo la 4.13 la Linux, amri ya kungojea programu nyingine imalize kazi iliachwa bila kipimo cha mpaka. Anwani ilikuwa na alama yake, na uandishi ulipita katika njia iliyokusudiwa. Kwa hiyo ukaguzi wa alama haukuwa na la kulalamikia. Lakini mtumiaji aliweza kukifanya kiini kiandike ndani ya kumbukumbu yake chenyewe. Kosa hilo lilisahihishwa mwaka huo huo.

Mwalimu wa fizikia hatashangaa. Vipimo vikikosewa, jibu hakika ni kosa. Vikiwa sawa, jibu bado laweza kuwa kosa. Uchambuzi tuli humwondolea mkaguzi makosa ya aina ya kwanza, ili akili yake ipate nafasi ya kuyatafuta yale ya pili.