Biskuti Tisa za Aliyekataliwa

Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliketi makundi makundi wakazungumza kidogo, kisha kila mmoja akataja wenzake wawili ambao angependa kufanya nao kazi. Mtafiti akawaita mmoja mmoja. Baadhi waliambiwa wamechaguliwa na wote. Baadhi, kwamba hakuna hata mmoja aliyewataka. Majibu hayo yalikuwa ya kubuni, lakini wao hawakujua.

Kisha wakapewa biskuti ndogo waonje. Waliochaguliwa walikula 4 au 5. Waliokataliwa walikula karibu 9.

Majaribio hayo ya Roy Baumeister na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha pia kwamba aliyekataliwa huacha fumbo gumu mapema. Je, nguvu za kujizuia zimemwisha? Hapana. Katika jaribio lingine, washiriki walisikilizishwa sauti moja sikio la kulia na nyingine la kushoto, wafuate moja tu. Waliotengwa walishindwa kutuliza akili; lakini walipoahidiwa pesa, au kuketishwa mbele ya kioo, walifanya vizuri kama wengine. Uwezo ulikuwepo. Kilichopungua ni sababu ya kujitaabisha.

Hapo ndipo ofisi nyingi zinapokosea. Yupo mtu ambaye chai ya saa nne hunywewa bila yeye, ambaye akiingia mazungumzo hukatika, na habari za kikao humfikia kikao kikiwa kimekwisha. Baada ya miezi kadhaa anachelewa, anamkaripia mteja, faili linalala mezani. Anaandikiwa barua ya onyo: mvivu.

Hakan Ozcelik na Sigal Barsade walichunguza wafanyakazi 672 na wasimamizi wao 114. Katika utafiti wao wa mwaka 2018, walioona upweke kazini walifanya kazi vibaya zaidi, na wenzao waliwaona watu wasiofikika. Basi aliyeachwa hujikunja, na akijikunja huachwa zaidi.

Kutukanwa kuna shahidi, kunyamaziwa hakuna. Utafiti wa Jane O'Reilly, Sandra Robinson na wenzao, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta watu wengi wanaona kumpuuza mwenzao ni kosa dogo kuliko kumwonea, ilhali aliyepuuzwa ndiye aliyeelekea zaidi kuacha kazi. Vijijini jambo hili linajulikana zamani: aliyetengwa hapigwi, ila hasalimiwi, na akifiwa hajiwi.

Dawa yaweza kuanza na jambo dogo. Priyanka Carr na Gregory Walton wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu fumbo, kila mtu chumbani peke yake. Walioambiwa wanalifanya pamoja na wenzao walivumilia muda mrefu zaidi, kwa karibu nusu au kupita.

Msimamizi aliyeshika barua ya onyo na aulize kwanza: mtu huyu hunywa chai na nani?