Kwa nini mpini mpya unaweza kushusha bei ya bastola ya kale

Bastola ina miaka 140. Chuma chake kiko imara, silinda inazunguka, namba zote zinasomeka. Tatizo ni moja tu: mpini umepasuka. Mwenye nayo anaingia mtandaoni, anaona mpini mweupe unaong'aa, analipia, anaufunga. Bastola inapendeza kweli. Kumbe ameshusha bei ya mali yake mwenyewe.

Kwa watu wanaokusanya silaha za kale, hilo ni kosa linalojulikana sana. Mpini ndiyo sehemu inayoshikwa, inayoloa jasho, inayogongwa na kuangushwa, kwa hiyo ndiyo inayokufa mapema. Na kwa kuwa ni rahisi kuubadilisha, ndipo feki nyingi zinapoingilia.

Swali si "mpini gani ni mzuri?" Swali ni "bastola hii ilitoka kiwandani na mpini gani?" Tuchukue mfano wa bastola moja ambayo hata kama hujawahi kuisikia kwa jina, umeiona kwenye sinema.

Ile bastola ya makauboi

Inaitwa Colt Single Action Army. Ilianza kutengenezwa mwaka 1873 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Toleo la kwanza liliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na zaidi ya bastola 350,000 zilitoka kiwandani. Jeshi la Marekani lenyewe lilinunua takribani 37,000.

Sinema zimetuzoesha kuiona ikiwa na mpini mweupe wa pembe za ndovu. Ukweli ni kwamba nyingi zilitoka na mpini wa kawaida kabisa, na aina yake ilitegemea mwaka na mnunuzi.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mbao ya mti wa mjozi, na mpini ulikuwa kipande kimoja. Yaani vibao viwili vya pembeni viligundishwa kwenye kipande cha katikati, vikawa kitu kimoja. Hakuna skrubu inayopita ubavuni. Ili kuutoa, lazima ufungue kwanza chuma cha mgongo wa mpini.

Bastola za jeshi zilipakwa mafuta tu juu ya mbao. Za raia zilipigwa vanishi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila kwa mnunuzi anayejua, mpini wa vanishi kwenye bastola ya jeshi ni alama ya kuuliza.

Kuanzia mwaka 1882 hivi, kiwanda kikaleta mpini wa mpira mgumu kwa bastola za raia. Huu si mpira kama wa ndala. Ni mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu na mweusi. Unakuja vibao viwili, vinavyobanwa kwa skrubu moja katikati. Juu kuna farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ambaye ndiye nembo ya Colt, na chini kuna tai mwenye ngao.

Mwaka 1896 hivi tai akaondolewa. Farasi akabaki.

Sasa piga hesabu. Ukikuta bastola ya mwaka 1876 ina mpini wa mpira wenye tai, mpini huo ni wa baadaye. Ukikuta ya mwaka 1905 ina tai, kuna uwezekano mkubwa umetolewa kwenye bastola nyingine. Vyote viwili vinaweza kuwa vya zamani, vyote vinaweza kuwa orijino vya Colt, na bado haviendani.

Anza na namba, si na duka

Kabla ya kutafuta mpini, jua mwaka wa bastola. Namba ya silaha imepigwa kwenye fremu, kwenye chuma kinachokinga kifyatulio, na kwenye chuma cha mgongo wa mpini. Namba hiyo ndiyo inayokupa mwaka.

Hatua ya pili ni kuomba barua kutoka kitengo cha kumbukumbu cha kampuni ya Colt. Unalipia, wao wanafungua vitabu vya zamani na kukuandikia: bastola ilisafirishwa lini, kwenda kwa nani, ina mtutu wa urefu gani, ilipakwa nini. Pale ambapo karani wa wakati huo aliandika, barua inataja hata aina ya mpini.

Hiyo barua inaweza kukuokoa na gharama. Kama kitabu kinasema "mpira" halafu wewe unawaza pembe za ndovu, imekula kwako kabla hujaanza.

Hatua ya tatu ni kuufungua mpini uliopo na kutazama ndani. Mafundi wa kiwandani walikuwa na tabia ya kuandika namba ya bastola ndani ya mpini wa mbao kwa wino au penseli, na kuikwaruza kwenye mpini wa mpira. Ukikuta namba ya ndani inalingana na ya kwenye fremu, simama hapo hapo. Mpini huo uliopasuka una thamani kuliko mzima wowote utakaoupata sokoni.

Kwa bastola za jeshi kuna alama nyingine: mihuri ya wakaguzi iliyopigwa chini ya mpini wa mbao, ikiwa na herufi za majina yao. Mfano ni OWA, herufi za mkaguzi Orville W. Ainsworth, ambaye jina lake hutafutwa sana na wakusanyaji. Na kwa sababu hiyo hiyo, muhuri wake hugushiwa sana.

Namba zisipolingana, usikimbilie kusema feki

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kati ya mwaka 1895 na 1903, bastola nyingi za jeshi zilirudishwa kufanyiwa ukarabati. Mitutu ikakatwa kutoka inchi 7.5 hadi 5.5. Zilifunguliwa kwa wingi, vipande vikachanganyika, zikafungwa tena bila kujali namba ya nani iko wapi.

Wakusanyaji wanaziita Artillery. Kwa bastola hizo, namba kutolingana ni sehemu ya historia yake. Mtu "akizirekebisha" ili kila kitu kilingane, anakuwa amefuta ushahidi wa kazi ya jeshi lenyewe.

Kwa maana hiyo, mpini unaofaa ni ule unaoendana na maisha ya bastola, pamoja na yale yaliyoipata baada ya kutoka kiwandani.

Unautambuaje wa kweli?

Tuseme umehakikisha kwamba mpini uliopo haufai kabisa, na unatafuta mwingine. Sehemu za kutafutia ni minada ya silaha za kale, maonyesho ya wakusanyaji, na wauzaji wanaofungua bastola zilizooza kwa kutu na kuuza vipande vilivyopona. Ukifika huko, angalia mambo haya:

1. Ukingo. Kiwandani, mpini na chuma vilisuguliwa pamoja vikiwa vimefungwa. Ndiyo maana wa asili hukutana na chuma vizuri pande zote, isipokuwa pale mbao iliposinyaa kwa umri. Mpini wa kuhamia hupanda juu ya chuma sehemu moja na kuzama sehemu nyingine.

2. Uchakavu. Chuma kikiwa kimechakaa na mpini unang'aa kama wa jana, kuna mchezo. Na kinyume chake pia. Vimeshikwa na mikono ile ile, basi vizeeke pamoja.

3. Rangi na harufu. Mpira mgumu wa zamani hugeuka kahawia ukikaa sana kwenye mwanga. Ukiusugua kwa kidole mpaka upate joto, hutoa harufu ya salfa. Plastiki ya kisasa haitoi.

4. Mistari. Pembe halisi ya ndovu, ukiitazama kwa lenzi kwenye sehemu iliyokatwa kwa upana, ina mistari myembamba inayokatizana. Mfupa una vitundu na vinukta vidogo. Plastiki iliyoigizwa ina mistari iliyonyooka mno, kama imepigwa rula.

Kuna wanaochoma mpini kwa sindano ya moto ili kupima. Achana nao. Shimo halifutiki, na ukiwa si mali yako bado, utaulipia.

Tena, Colt ilitengeneza matoleo mapya kuanzia mwaka 1956, na kampuni kama Uberti ya Italia zinatengeneza nakala. Mipini yake inafanana sana kwa macho, ila vipimo vinatofautiana kidogo. Usikubali kulazimisha. Mbao ya zamani hupasuka, na mpira mgumu wa umri huo huvunjika kama biskuti.

Mpini mweupe na kivuli cha Zanzibar

Sasa tuongelee pembe za ndovu, maana hapa hadithi inafika nyumbani.

Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Katika karne hiyo, pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, baadhi na watu waliokuwa watumwa, zilipakiwa Unguja kwenda Marekani. Kituo kikubwa cha kuzikata kilikuwa Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, safari fupi kutoka Hartford ilikokuwa Colt. Kazi kubwa ya viwanda hivyo ilikuwa vitufe vya piano na vitana.

Hakuna anayeweza kutazama mpini mmoja mweupe na kusema ndovu wake alitoka Tabora au Manyema. Lakini mpini huo ni wa biashara ile ile, na ndiyo maana leo sheria inaufuata.

Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkataba wa CITES mwaka 1989. Marekani ilikaza zaidi mwaka 2016: kuuza kutoka jimbo moja hadi jingine kunaruhusiwa kwa nafasi finyu, kama kitu chenye umri wa miaka 100 au zaidi, na muuzaji lazima athibitishe. Majimbo kama New York na California yana marufuku yake yenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 ilianza kutumika Juni 2022.

Kwa hiyo ukiona mtandaoni "mpini orijino wa pembe, miaka ya 1880, tunatuma popote", una matatizo mawili. Ukiwa feki, umepigwa. Ukiwa wa kweli, unaweza kukamatwa nao uwanja wa ndege. Na ukiwa mpya uliozeeshwa kwa chai na moshi, kuna ndovu aliyeuawa juzi ili bastola ya juzi kati ipendeze.

Ukikosa wa kipindi chake

Si aibu kufunga mpini mpya uliotengenezwa kwa namna ya zamani. Wapo mafundi wanaochonga mjozi kipande kimoja, na wapo wanaomimina resini kwenye umbo la mpini wa tai. Kinachotakiwa ni uwazi. Mpini mpya uwekewe alama kwa ndani kwamba ni mpya, na ukiuza useme.

Usiupige msasa mpini wa zamani ili "kuufufua". Ukiupiga msasa umefuta muhuri, umefuta rangi ya umri, na umeushusha chini ya ukingo wa chuma. Kitambaa laini na nta kidogo vinatosha kwa mbao. Mpira mgumu uweke mbali na jua.

Na neno kwa wasomaji wa huku kwetu. Sheria ya shirikisho ya Marekani huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale na kuilegezea masharti. Usidhani legezo hilo linasafiri. Tanzania na Kenya, kumiliki silaha kunahitaji kibali. Ukirithi bastola ya babu iliyokuwa ndani ya sanduku, kituo cha kwanza ni polisi, mambo ya mpini baadaye.

La mwisho ni dogo kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi: ukibadilisha mpini, usitupe wa zamani. Ufunge kwenye kitambaa, andika namba ya bastola, uuweke pamoja nayo. Hata ukiwa vipande vitatu, siku bastola itakapouzwa, mnunuzi makini atauulizia.