PF3: Kutoka Chumba cha Daktari hadi Mahakamani

Mtu aliyebakwa anapofikishwa katika kituo cha afya Singida Mjini, mhudumu hukabidhiwa amana mbili: uhai wa mgonjwa na ushahidi wa kesi. Karatasi inayoziunganisha ni Fomu ya Polisi Namba 3, maarufu kama PF3. Maamuzi ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania yamebainisha nguvu ya karatasi hiyo na mipaka yake.

Katika kesi ya Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 2006, Mahakama ilieleza kuwa taarifa ya daktari yaweza kuonyesha kwamba tendo la kujamiiana lilifanyika, lakini peke yake haithibitishi ubakaji. Ushahidi wa kweli hutoka kwa mwathirika: kwamba aliingiliwa na, ikiwa ni mtu mzima, kwamba hakuridhia. Kwa mtoto, ambaye ridhaa yake haihesabiki kisheria, umri lazima uthibitishwe, na daktari ni miongoni mwa wanaoweza kuuthibitisha.

Je, basi, neno la mwathirika latosha daima? Maamuzi ya baadaye yamejibu kwamba latosha iwapo tu mahakama imelipima na kuliona kuwa la kweli.

PF3 nayo huweza kuondolewa katika kumbukumbu za kesi endapo haikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa, au endapo mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aliyeiandika aitwe na kuhojiwa. Hata hivyo, daktari akifika na kueleza kwa kinywa aliyoyaona, maelezo yake hubaki na uzito.

Kwa hiyo mhudumu aandike tarehe na saa ya uchunguzi, umri wa mgonjwa, na mahali na ukubwa wa kila jeraha. Aliyoyaona ayatenganishe na aliyosimuliwa. Kukosekana kwa michubuko kusichukuliwe kuwa dalili ya uongo, kwani kisheria kuingiliwa hata kwa kiasi kidogo kunatosha.

Mgonjwa naye awahi, ikiwezekana kabla ya kuoga au kufua nguo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Saa hizo hazisubiri fomu. Aliyechelewa asikate tamaa: bado anastahili tiba, na neno lake bado ni ushahidi.