Je, Wajua? Mbona Halii?

Msiba wa ghafla ukiingia nyumbani, majirani humtazama mfiwa. Asipotoa chozi, minong'ono huanza: mbona halii? Je, wajua kwamba ganzi hiyo si ukavu wa moyo? Aliyeuguza mtu kwa miezi alikwisha kuanza kuomboleza kitandani pa mgonjwa. Lakini mke aliyemuaga mumewe jioni akienda kuvua dagaa, akaletewa maiti alfajiri, hakupata hata saa moja ya kujiandaa. Akili huipokea habari kidogokidogo. Wapo wanaoendelea kufagia ua.

Je, wajua kwamba simulizi ya kufiwa iliyoutangaza mkoa wa Kigoma duniani ni ya sokwe mtu? Mwaka 1972, kule Gombe, sokwe jike aitwaye Flo alikutwa amekufa kwenye kijito cha Kakombe. Alikuwa mzee sana, lakini mwanawe Flint hakuwa tayari. Alikuwa na miaka minane na ushee, umri wa kujitafutia matunda, lakini alikuwa bado akilala kiota kimoja na mama yake. Akajitenga, akaacha kula, akaugua. Haukupita mwezi akafa, karibu na pale mama alipoangukia. Mtafiti Jane Goodall, aliyemjua Flint tangu kuzaliwa, aliamini kwamba huzuni ndiyo iliyoudhoofisha mwili wake hadi maradhi yakamshinda.

Na binadamu? Madaktari wa Japani walieleza mwaka 1990 hali waliyoiita takotsubo, yaani chungu cha kunasia pweza, kwa sababu chumba kikuu cha moyo huvimba kikafanana na chungu hicho. Huweza kutokea baada ya habari ya kushtusha, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Maumivu yake hayatofautiani na ya mshtuko wa moyo, ingawa mishipa mikubwa haijaziba. Wengi hupona baada ya wiki chache. Kwa hiyo mama akishika kifua msibani, tafadhali, asiambiwe "ni uchungu tu, jikaze". Apelekwe hospitali.

Mwaka 1971, daktari Dewi Rees wa Wales aliripoti mahojiano na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao waliwahi kuhisi marehemu yupo: wengine walimwona, wengine walimsikia. Wengi hawakuwa wamemsimulia mtu yeyote. Mjane wa Kibirizi, Kigoma, anayesikia hatua za mumewe mlangoni alfajiri, saa ileile mitumbwi inaporejea, hajarukwa na akili.

Matanga huanuliwa, mara nyingi siku ya tatu, mikeka ikakunjwa na wageni wakarudi makwao, lakini maombolezo hayaishii hapo. Kwa Waislamu wa Ujiji mjane bado ana eda ya miezi 4 na siku 10.

Na neno lenyewe la pole? Lina shina moja na kupoa. Ndiyo maana mfiwa huitikia "nimeshapoa", hata siku ile ya kwanza, macho yakiwa makavu.