Kahawa ya uyoga: Je, kweli inapandisha kinga ya mwili?

Huenda umeshaliona tangazo kwenye status ya WhatsApp: pakiti ya kahawa ya uyoga, na chini yake maneno "inapandisha kinga, inatibu saratani". Kuna ukweli hapo, ila si wote.

Uyoga unaotajwa sana ni Ganoderma, ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi. Ni mgumu kama ubao, hauliwi kama mboga. Hukaushwa na kuchemshwa, kisha dondoo yake hutiwa kwenye vidonge au kahawa.

Unafanyaje kazi?

Uyoga una aina ya sukari inayoitwa beta-glukani. Mwili wa binadamu hauitengenezi, hivyo baadhi ya seli nyeupe za damu huitambua kama mgeni. Zikikutana nayo, hushtuka kana kwamba fangasi wameingia mwilini na kuanza kuziamsha seli nyingine za kinga.

Ndiyo maana wanasayansi hawaupuuzi uyoga. Japani iliidhinisha dawa ya PSK, inayotokana na uyoga wa Trametes versicolor, mwaka 1977. Mwaka 1985 ikafuata lentinani, inayotokana na uyoga wa shiitake. Lakini hizo zilitumika pamoja na matibabu ya saratani, si badala yake. Na lentinani ilikuwa ya sindano, si ya kunywa kikombeni.

Ushahidi unasemaje?

Mapitio ya Cochrane kuhusu Ganoderma na saratani yalikusanya tafiti 5 zenye wagonjwa 373. Waliotumia Ganoderma pamoja na kemo au mionzi walionekana kuitikia matibabu vizuri zaidi, na baadhi ya seli zao za kinga ziliongezeka kidogo. Ikitumika peke yake, matokeo hayo hayakuonekana.

Tafiti zenyewe zilikuwa ndogo na zenye kasoro. Hitimisho: ushahidi hautoshi kuifanya Ganoderma tiba ya kwanza ya saratani.

Nani awe makini?

Kinga kupanda si habari njema kwa kila mtu. Aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kuishusha kinga makusudi, ili mwili usiikatae figo hiyo. Mwenye lupus, kinga yake tayari inaushambulia mwili wake mwenyewe. Na kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, Ganoderma inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha dozi. Mtu mwenye VVU akiacha ARV kwa sababu "uyoga unatosha", virusi huanza kuongezeka tena. Mwenye saratani akiahirisha matibabu, uvimbe haumsubiri.

Kama unaipenda ladha yake na huna tatizo la kiafya, hiyo ni kahawa tu. Ila kama uko kwenye dawa, nenda na pakiti hiyo kliniki, mwonyeshe daktari au mfamasia kabla hujaifungua.